Kipimajoto Kilichosema 85

Najua nimewaacha muda mrefu bila neno, na wengine wenu mmeuliza kama nimehama nchi. Sijahama. Nilikuwa na kesi ya mayai.

Shangazi yangu anafuga kuku huko Limuru. Mwaka jana aliniomba nimtengenezee mashine ya kuangulia vifaranga, kwa sababu zile za dukani alizoziona zilikuwa ghali na, kwa maneno yake, "wewe si umekaa na hizo tarakilishi miaka yote?" Kazi yangu ya kila siku ni kuandika programu, si kushika waya, lakini shangazi hakataliwi. Nikapata sanduku la mbao, balbu mbili za kupasha joto, feni niliyoing'oa kwenye tarakilishi iliyokufa, ubao wa Arduino, relei moja, na kihisi joto aina ya DS18B20, kidude cheusi chenye miguu mitatu, ukubwa wake kama punje ya mahindi. Yai la kuku linataka digrii 37.5 hivi kwa siku 21. Nikaandika msimbo: joto likishuka chini ya 37.3 washa balbu, likipita 37.7 zima. Na kwa kuwa mimi najiona mtu wa tahadhari, nikaongeza mstari wa usalama: likipita 40, zima kila kitu na usiwashe tena mpaka mtu abonyeze kitufe. Niliuona mstari huo kuwa wa busara sana.

Usiku wa siku ya 15 stima ilipotea kwa dakika chache, ikarudi. Saa kumi na mbili asubuhi simu yangu ikalia.

"Mwanangu, hiki kitu chako kimeandika 85. Na mayai ni baridi. Ile glasi yangu inasema 19."

Glasi ni kipimajoto cha kawaida cha kioo alichokuwa amekitundika ndani ya sanduku bila kuniambia, kwa sababu haamini kitu asichokiona kikipanda na kushuka. Nikamwambia abonyeze kitufe. Balbu zikawaka, namba ikaruka kutoka 85 hadi 19, ikaanza kupanda polepole. Nikajaribu kumweleza kwamba huenda kihisi kilichanganyikiwa. "Mimi naamini glasi," akasema, akakata simu. Katika mayai 90 tulipata vifaranga 31, na hao wenyewe walichelewa.

Nilipokaa kutafuta kosa nilidhani nitamaliza kwa saa moja. Badala yake niliingia katika historia ya miaka 300, na ndiyo nataka kuwasimulia leo. Jambo moja kabla hatujaanza: nitasema "kihisi" badala ya "sensa", maana sensa kwetu ni ile ya kuhesabu watu, na sitaki mtu afikiri serikali imeniagiza nihesabu kuku.

Tuanze na swali la kitoto: namba kwenye kipimajoto hutoka wapi? Urefu hauna shida. Unganisha fimbo mbili za mita moja, unapata mita mbili. Joto halikubali mchezo huo. Changanya maji ya digrii 40 na mengine ya digrii 40, hupati 80. Kwa hiyo hata kabla ya kupima chochote, mtu lazima achague vitu kadhaa kwa kichwa chake: kitu gani kinachobadilika joto likibadilika ndicho nitakachotazama, mahali gani pa joto nitapaita sifuri au mia, na katikati nitagawanya vipande vingapi. Asili haikupi hata kimoja kati ya hivyo.

Daniel Gabriel Fahrenheit, mzaliwa wa Danzig aliyefanya kazi Amsterdam, alichagua zebaki mwaka 1714. Mwaka 1724 alieleza kipimo chake kwa wanasayansi wa London. Sifuri yake ilikuwa mchanganyiko wa barafu, maji na chumvi ya amonia, ambao ulikuwa ubaridi mkali aliyoweza kuutengeneza tena na tena. Barafu na maji matupu vikawa 32. Mwili wa mtu mzima mwenye afya ukawa 96. Ukiuliza kwa nini 96, jibu ni la fundi: namba hiyo hugawika nusu kwa nusu kwa urahisi unapochora mistari kwenye kioo. Baadaye kipimo kilirekebishwa kidogo, ndiyo maana leo wanaotumia Fahrenheit husema mwili una digrii 98.6.

Anders Celsius wa Uppsala, Uswidi, alikuja mwaka 1742 na vipande 100 kati ya maji kuganda na maji kuchemka. Wengi hawajui kwamba alivipanga kinyume na tunavyofahamu. Kwake, maji yalichemka kwenye 0 na kuganda kwenye 100. Mwaka uliofuata, 1743, Jean-Pierre Christin wa Lyon, Ufaransa, alitoa kipimo chenye 0 kwenye barafu, na baada ya Celsius kufariki mwaka 1744 huko Uswidi nako wakakigeuza. Jina la Celsius lilikubaliwa rasmi kimataifa mwaka 1948 tu. Fikiria kidogo. Mtu ambaye jina lake tunaliandika kila siku, ukimpa kipimajoto chake cha asili leo, angekwambia mayai ya shangazi yanataka digrii 62.5.

Celsius alifanya jambo lingine ambalo sisi watu wa nyanda za juu tungepaswa kumshukuru. Alionyesha kwamba mahali pa barafu kuyeyuka hapahami, lakini mahali pa maji kuchemka hufuata shinikizo la hewa, kwa hiyo lazima utazame barometa kabla ya kuandika alama. Nairobi maji huchemka karibu na digrii 94. Limuru ni juu zaidi ya mita 2,000, na huko ni karibu 93. Nitarudi kwenye hili, kwa sababu lilinisaidia.

Sehemu ya umeme nitaipitia haraka. Mwaka 1821 Thomas Seebeck aliona kwamba waya za metali mbili tofauti zikiunganishwa, na viungo vyake viwili vikawa na joto tofauti, umeme hupita. Mwaka huo huo Humphry Davy alionyesha kwamba metali ikipata joto ukinzani wake huongezeka. Mwaka 1833 Michael Faraday akakuta kitu cha ajabu, salfaidi ya fedha, ambayo ukinzani wake unapungua joto linapopanda. Ndiyo babu wa thamista tunazozikuta leo ndani ya betri na friji. Mwaka 1871 William Siemens alipendekeza waya wa platinamu uwe kipimajoto. Wazo zuri, lakini vipimajoto vyake vilipopashwa joto kali vilibadilika tabia na kutoa namba tofauti na za jana, mpaka Hugh Callendar alipokuja mwaka 1887 na kuonyesha kwamba kosa halikuwa la platinamu. Lilikuwa la jinsi waya ulivyochafuliwa na kubanwa. Platinamu safi, isiyobanwa, inakumbuka. Hadi leo maabara za vipimo huitegemea.

Hapa sasa ndipo tunafika kwenye punje yetu ya mahindi. Mwaka 1947 transista ilizaliwa katika maabara za Bell, Marekani, na tangu mwanzo ilikuwa na ugonjwa mmoja uliowasumbua wahandisi: volteji yake kati ya besi na emita hushuka karibu milivolti 2 kwa kila digrii inayopanda. Redio inabadilika sauti mchana, kikuza sauti kinapotoka kikipata moto. Watu walitumia miaka wakipigana na joto ndani ya saketi zao, wakilihesabu kama adui.

Kisha wakatokea wajanja waliosema, hebu tulitumie. Mwaka 1964 David Hilbiber wa Fairchild alionyesha njia ya kupata volteji isiyotikisika kwa kutumia transista zenye tabia tofauti. Mwaka 1971 Robert Widlar alichapisha njia rahisi zaidi iliyotokana na kazi yake National Semiconductor. (Huyu Widlar ndiye yule aliyeleta kondoo kwenye bustani ya kampuni mwaka 1970 ili ale nyasi, baada ya kampuni kupunguza gharama za kukata nyasi. Wahandisi wa siku hizo walikuwa watu wa aina yake.) Mwaka 1974 Paul Brokaw wa Analog Devices akatoa saketi ambayo jina lake bado inaitwa.

Ujanja wao ni huu, na naomba mvumilie kidogo kwa sababu ni mzuri. Chukua transista mbili za aina moja kwenye kipande kimoja cha silikoni. Moja ifanye kubwa mara nane kuliko nyingine, kisha upitishe mkondo sawa katika zote mbili. Volteji ya kila moja ina mambo mengi ndani yake, mengine yanategemea kiwanda, mengine siku silikoni ilipopikwa. Lakini ukitoa moja kutoka kwa nyingine, takataka zote hizo zinafutana. Kinachobaki ni tofauti ndogo inayotegemea vitu vitatu tu: ile namba nane, joto halisi linalohesabiwa kutoka sifuri kamili, na uwiano wa vitu viwili vya asili ambavyo havijali ni kiwanda gani, yaani kigezo cha Boltzmann na chaji ya elektroni. Kwa uwiano wa nane unapata karibu mikrovolti 179 kwa kila kelvini. Katika chumba cha kawaida tofauti hiyo ni karibu milivolti 53.

Yaani mahali pa barafu ya chumvi na mwili wa mtu mwenye afya, sasa tuna namba inayotoka katika fizikia yenyewe. Na kuna nyongeza tamu. Tarehe 20 Mei 2019 dunia ilibadilisha maana ya kelvini, ikaifunga kwenye kigezo cha Boltzmann, ambacho kikapewa thamani isiyobadilika tena. Chaji ya elektroni nayo ilifungwa siku hiyo hiyo. Kwa hiyo vitu viwili ambavyo transista za shangazi zinavitegemea leo havipimwi, vimeamuliwa. Watu waliketi wakakubaliana. Fahrenheit angecheka.

Analog Devices walifanya ujanja huo kuwa kipimajoto kamili cha miguu miwili, AD590, kilichoelezwa mwaka 1976. Unakipa umeme, kinaruhusu mikroampea moja kwa kila kelvini. Digrii 25 ni mikroampea 298. Shida yake ni kwamba lazima utoe 273.15 kila mara, kazi rahisi kwa programu lakini usumbufu kwa saketi ya enzi ile. National Semiconductor wakatoa LM35 inayotoa milivolti 10 kwa kila digrii ya Celsius, bila kutoa chochote. Kama umewahi kucheza na Arduino, bila shaka umeishika.

Mimi nilianza nayo pia, niliinunua Luthuli Avenue nikiwa chuoni, na ndiyo iliyonifundisha kwa nini dijitali ilihitajika. Arduino ya kawaida hugawanya volti 5 katika vipande 1,024. Kipande kimoja ni karibu milivolti 4.9, yaani karibu nusu digrii. Halafu hizo "volti 5" zinatoka kwenye waya wa USB, na zikishuka hadi 4.8 namba zako zote zinapanda wakati chumba hakijabadilika. Ongeza waya wa mita tatu kando ya balbu na feni, na kile kiasi kidogo cha milivolti kinaokota kelele zote za njiani kama mtoto aliyetumwa sokoni. Kosa haliko kwenye kihisi. Liko njiani. Suluhisho ni kuhesabu pale pale joto lilipo, na kutuma njiani namba iliyokamilika.

Hilo lilifanyika katika miaka ya 1990, kwa njia mbili. National walitoa LM75, iliyozungumza kwa lugha ya I2C ambayo Philips walikuwa wameibuni mwaka 1982, na ikaingia kwenye mbao za tarakilishi nyingi kulinda chipu zisiungue. Na kampuni ya Texas iliyoanzishwa mwaka 1984, Dallas Semiconductor, ikatoa DS1820, babu wa kihisi changu.

DS1820 ilihesabu kwa namna ambayo nilipoisoma nilisimama nikazunguka chumba. Ndani yake kulikuwa na saa mbili. Moja ilidunda karibu mwendo ule ule bila kujali joto. Nyingine mwendo wake ulibadilika sana na joto. Ile ya pili ilifungua mlango kwa muda, na wakati mlango uko wazi kihesabio kilihesabu midundo ya ile ya kwanza. Mlango ukikaa wazi zaidi, joto ni kubwa zaidi. Na kihesabio hakikuanza na sifuri. Kilianzia hesabu iliyolingana na digrii 55 chini ya sifuri, ambapo uwezo wa kihisi unaanzia, kisha kikapanda. Tazameni: tumerudi palepale. Hata ndani ya silikoni, mtu amechagua namba ya kuanzia.

Jambo la pili la Dallas lilikuwa waya. Njia yao waliiita 1-Wire. Waya mmoja, pamoja na ule wa chini, unapeleka maswali na kurudisha majibu. Mikrokontrola huvuta waya chini kwa mikrosekunde 480, huo ni kama kugonga mlango, na vihisi vilivyopo hujibu "tupo". Baada ya hapo kila biti hupewa nafasi ya mikrosekunde 60 hivi. Kila kihisi kina namba yake ya biti 64 iliyochongwa kiwandani, ambayo haifanani na ya mwenzake, kwa hiyo unaweza kufunga vihisi ishirini kwenye waya mmoja na kumwita kila mmoja kwa jina. Na zaidi, kihisi kinaweza kuishi bila waya wa umeme, kikinyonya kutoka kwenye waya wa data na kuhifadhi kidogo katika kapasita ndogo ndani yake. Wao wenyewe huita hali hiyo ya kupe.

Kupe ana adabu yake, lakini. Kihisi kinapopima kinaweza kutaka hadi miliampea 1.5. Rezista ya kilo-omu 4.7 ambayo kila mchoro unakuonyesha, kwa volti 5, inaweza kutoa miliampea moja na kidogo tu. Usipompa kupe nguvu zaidi kwa muda huo, anazimia katikati ya kazi na kuamka upya. Na akiamka upya, anasema nini?

Anasema 85.

Hii ndiyo nilikuwa natafuta. Imeandikwa wazi katika karatasi ya maelezo ya kiwanda, mahali ambapo sikuwahi kusoma kwa sababu maktaba ya programu ilifanya kazi mara ya kwanza. DS18B20 inapopata umeme, rejista yake ya halijoto huwekwa 0550 kwa hesabu ya kumi na sita. Hiyo ni 1,360. Kila kipande ni digrii 0.0625. Zidisha, unapata 85 kamili. Kupima kwa biti 12 kunachukua hadi milisekunde 750, na ukisoma kabla ya kipimo cha kwanza kukamilika, unapewa hiyo 85.

Nami nilikuwa nimeandika programu ya haraka. Sikutaka Arduino ikae robo tatu ya sekunde ikisubiri, kwa hiyo kila mzunguko ilisoma jibu la ombi lililotangulia na kuacha ombi jipya. Kwa wiki mbili ilifanya kazi vizuri, maana jibu la sekunde moja iliyopita linatosha kabisa kwa mayai. Lakini stima iliporudi usiku ule hakukuwa na ombi lililotangulia. Programu ikasoma 85, ule mstari wangu wa busara ukasema "hatari", ukazima balbu na kufunga. Limuru usiku ni baridi. Mengine mnayajua.

Mtu aliyezoea programu atauliza kuhusu baiti ya ukaguzi, ile CRC. Ipo, na nilikuwa nikiikagua! 85 inapita ukaguzi huo bila shida, kwa sababu ujumbe umefika kama ulivyotumwa. Ukaguzi unalinda barua njiani. Hauulizi kama mwandishi alikuwa macho alipoiandika.

Hapa nina lawama kidogo kwa wale wa Dallas, na nitaisema. Kihisi chao hupima kutoka -55 hadi 125. 85 imo ndani. Ni joto la kweli ambalo mtu anaweza kulikuta kwenye tangi la maji ya jua au kando ya injini. Rejista ina biti 16, kulikuwa na nafasi tele ya kuchagua namba isiyowezekana. Maktaba maarufu ya Arduino ya kihisi hiki ilichagua vizuri zaidi: kihisi kikikatika hukupa -127, na hakuna mtu atakayefikiri Limuru imefika -127. Lakini nikisema hivyo nakumbuka Celsius na mia yake ya barafu. Mchaguzi wa namba huwa haoni uso wa mtu atakayeisoma.

Nilipoanza kuchimba nikakuta deni lingine. Ile 0.0625 ilikuwa imenilevya. Nilikuwa nikimwonyesha shangazi namba zenye tarakimu nne baada ya nukta, kana kwamba tunapima dhahabu. Kiwanda chenyewe huahidi nusu digrii juu au chini, kati ya -10 na 85. Nusu digrii ni vipande nane kila upande. Hicho kihisi kinaweza kuona mabadiliko madogo sana, lakini hakijui kwa uhakika huo kiko wapi. Kwa mayai nusu digrii inavumilika. Kwa friji ya chanjo, inayotakiwa kukaa kati ya 2 na 8 na ambamo chanjo nyingine huharibika zikiganda, ni lazima uihesabu. Tena siku hizi zimejaa nakala bandia zenye maandishi yale yale ya DS18B20 juu, ambazo baadhi yake hazitimizi hata ile nusu. Nilinunua tano kwa bei nafuu mahali fulani. Mbili zilipishana digrii 1.2 zikiwa zimefungwa pamoja kwa utepe.

Ipi inasema kweli? Hapo ndipo nilirudi kwa Celsius. Maji yanayochemka hayakunifaa, maana kwa Limuru ingebidi kwanza nijue shinikizo la hewa la siku hiyo. Lakini barafu haihami. Nikaponda barafu, nikajaza chupa ya chai, nikaongeza maji baridi kidogo mpaka yajaze mianya, nikakoroga, nikatia vihisi vyote vilivyofungwa kwenye mfuko wa nailoni pamoja na glasi ya shangazi. Baada ya dakika kumi vihisi vitatu vilisema kati ya 0.1 na 0.3. Kimoja kilisema 1.4. Glasi ilikuwa kwenye sifuri, kwa kadiri macho yangu yalivyoweza kuona. Shangazi alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakusema kitu, alikwenda kuongeza makaa.

Sasa mashine ina vihisi viwili na waya wa umeme wa kweli, si kupe. Programu inasubiri ile robo tatu ya sekunde. Inatupa jibu la kwanza baada ya kuwaka. Inakataa joto lililoruka zaidi ya digrii mbili kwa sekunde moja, maana sanduku la mbao haliwezi kufanya hivyo hata likishika moto. Vihisi vikipishana zaidi ya digrii moja, inapiga kengele na kuacha balbu ziendelee kwa vipindi, badala ya kuzima kila kitu. Na kioo kinaonyesha tarakimu moja tu baada ya nukta.

Nikiwa katika kusoma nilikuta pia kwamba Dallas Semiconductor ilinunuliwa na Maxim mwaka 2001, na Maxim ikanunuliwa na Analog Devices mwaka 2021. Kwa hiyo AD590 ya mwaka 1976 na punje yangu ya mahindi sasa ziko nyumba moja. Nilimpigia shangazi kumweleza habari hiyo, nikidhani itamfurahisha. Akaniuliza kama hao watu wa nyumba hiyo wanalipa mayai.

Mzunguko wa pili tuliweka mayai 60, na yalianguliwa 47. Stima ilipotea mara tatu. Glasi bado imetundikwa ndani ya sanduku, na kila asubuhi anaisoma yeye kwanza, kisha ananitumia ujumbe wenye namba mbili, yake na yangu. Ya leo ilikuwa 37 na nusu, na 37.4. Sasa anataka nimpimie unyevu pia, na hiyo nitawaandikia nikishamaliza kusoma karatasi ya kiwanda, yote, mpaka ukurasa wa mwisho.